Marehemu wa Saa Saba Mchana

Mimi hulia nikitaka. Wengine hupiga mluzi, wengine hutikisa masikio, mimi hulia. Nihesabie mpaka kumi, na kabla hujafika saba chozi limeshatoka, limepita pembeni ya pua na limekaa kidevuni linasubiri ruhusa ya kudondoka. Shuleni niliwahi kumlilia mwalimu wa nidhamu mpaka akanipa leso yake mwenyewe, na fimbo akaisahau dirishani. Kwa hiyo siku ya majaribio, Mwongozaji aliponiuliza kama naweza kulia bila kutiwa kitu machoni, nilimcheka kidogo, kwa adabu.

"Wewe niambie tu unataka jicho gani lianze," nikamwambia.

Akaandika jina langu kwenye daftari na kulipigia mistari miwili.

Sasa tulia nikueleze filamu yenyewe, maana ina ukorofi wake. Ilihusu muigizaji anayeigiza filamu. Katika hiyo filamu ya ndani, muigizaji anacheza mtoto aliyefiwa na mama. Anakaa pembeni ya kitanda kitupu, anatakiwa alie, halii. Anajaribu tena, halii. Mwisho anaitupa ile kazi, anageuka, anaitazama lenzi, yaani anakutazama wewe uliyekaa kwenye kiti chako na bisi zako, na anasema: "Siwezi. Hii ni kazi tu, na mama huyu simjui." Halafu, akishakiri kwamba hawezi, ndipo analia. Machozi ya kweli, bila muziki, bila kukata, dakika mbili nzima. Kamera zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuonekana kwenye picha tu, haina hata betri. Ya pili ndiyo iliyotupiga sote, pamoja na hiyo ya kwanza, na nyaya, na taa, na Mwongozaji mwenyewe akimuigiza mwongozaji.

Mama yangu ni fundi cherehani. Nilipomweleza haya alisimamisha mashine kwa kiganja.

"Kwa hiyo unaigiza mtu anayeigiza."

"Ndiyo, mama."

"Na anaigiza vibaya."

"Ndiyo."

"Basi wamepata mtu," akasema, akaendelea kukanyaga mashine yake. Lakini jioni hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua.

Mjomba naye alijua, kwa sababu nilimwambia mwenyewe, na ndiyo kosa langu la kwanza. Mjomba ana karakana ya magodoro. Nilimfanyia kazi miaka miwili tangu nimalize kidato cha nne: kukata sponji, kupaka gundi, kuvuta kitambaa, kupiga chafya. Siku niliyopata nafasi hii nilisimama mbele ya wateja nikamwambia kwamba yeye atazeeka ananusa gundi, na mimi watu watanitazama ukutani, uso wangu una ukubwa wa nyumba. Mjomba hakukasirika. Upole wake ndio unaotisha. "Sawa, mjomba," akaniambia. "Ila siku utakayorudi hapa, utaingia kwa magoti." Watu waliokuwepo wote waliitikia kwa kichwa, na mmoja alikuwa amebeba godoro kichwani, likaitikia pamoja naye.

Kwa hiyo elewa. Nikishindwa kulia dakika mbili, natembea kwa magoti mpaka kwenye gundi.

Na nilikuwa nashindwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga picha. Nyumba tuliyokodi ilitakiwa irudishwe kwa wenyewe saa kumi jioni, na tangu asubuhi tulikuwa tumerudia onyesho hilo moja mara kumi na moja. Nilifikiria mbwa wetu aliyekufa. Nilifikiria matokeo yangu ya hesabu. Niliacha kupepesa macho mpaka yakawaka moto, halafu yakakauka kabisa. Ningeweza kuwasha njiti ya kiberiti juu yake.

Nikuambie na siri ya siku ya majaribio, maana nimeshafika mahali ambapo siri hazinisaidii. Mkono wa shati langu ulikuwa umepakwa dawa ya kuchua mgongo. Na yule mwalimu wa nidhamu alikuwa na mafua, leso ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. Sasa hapa mpambaji, tuliyemwita Dada Poda, mwanamke mnene mpole ambaye angeweza kuwa shangazi wa mtu yeyote, alikuwa na amri ya kuninusa vidole kila kabla ya kamera kuwaka. Alininusa kwa huruma, lakini alininusa.

"Unamfikiria nani?" Mwongozaji aliniuliza baada ya mara ya kumi na moja. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo, na kadiri anavyochoka ndivyo sauti inavyozidi kuwa ndogo, mpaka inabidi umwinamie kama unayemsikiliza mtoto.

"Mama yangu, Bosi."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Anashona."

"Ndiyo tatizo," akanong'ona. "Anashona."

Wakati huo huo fundi wa taa alikuwa anarekebisha taa, na palipo na kazi hiyo hukaa Mbadala. Mbadala ni kijana aliyekodiwa kwa sababu tulikuwa na urefu mmoja. Kazi yake ilikuwa kukaa mahali pangu mpaka taa zikae sawa, basi. Hana hata neno moja kwenye mchezo. Alikaa pembeni ya kile kitanda kitupu, akakitazama, na akaanza kulia. Polepole, machozi mazuri mazito, wakati shavu lingine linatafuna biskuti.

Fundi wa taa akaacha kazi.

"Samahani," Mbadala akasema, akijifuta. "Nimeona tu huo mto."

Mwongozaji alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama saa. Sauti yake sasa ilikuwa pumzi tupu. "Nenda ule. Ukirudi tunapiga mara moja tu. Usipolia, namvika yeye shati lako."

Sikula. Nilikwenda nyuma ya nyumba, penye tangi la maji, nikasimama na simu mkononi. Sikupanga chochote, naapa. Nilikuwa nafanya mazoezi tu. Niliwaza: mtu akipigiwa simu na kuambiwa mama yake amekufa, husema nini? Nikaiweka simu sikioni, kioo chake cheusi, hakuna mtu upande wa pili.

"Haloo," nikasema. "Ndiyo ni mimi. Ehe." Nikanyamaza kidogo, kama anayesikiliza. "Hapana. Hapana, asubuhi nimemwacha mzima. Saa ngapi?" Nikaegemea tangi. "Mama yangu?"

Haikuwa mbaya. Niligeuka nijaribu tena kwa sauti ya chini zaidi, nikamkuta Dada Poda amesimama mlangoni na sahani yangu ya chakula. Sahani ilikuwa imeinama, mchuzi unadondoka kwenye kiatu chake, na hakuwa na habari nao.

"Mdogo wangu," akasema. "Ni nani?"

Nilikuwa na sekunde moja ya kumwambia, dada, nafanya mazoezi. Sekunde yenyewe ilikuwa ndefu. Niliiona ikija, ikanipita, nikaitazama mgongoni.

"Mama," nikasema.

"Alikuwa anaumwa?"

"Presha."

"Saa ngapi?"

Saa yangu ilionyesha saa saba na dakika kumi. "Saa saba," nikasema.

Aliiweka sahani chini, akanivuta kifuani kwake, na mle ndani, katikati ya harufu ya poda na jasho, nilijifunza kwamba uongo ukishakumbatiwa hauna tena pa kutokea. Ndani ya dakika tano kila mtu alijua. Mafundi walizima muziki wa redio. Mbadala, aliyekuwa ameshavaa shati langu la mchezo, nililolivua lisichafuke kwa chakula, na kufunga vifungo vitatu, alivifungua kimoja kimoja, akalikunja shati vizuri na kunipa kwa mikono miwili. Na akalia tena, bure kabisa, mshenzi yule.

"Nenda nyumbani," Mwongozaji akaniambia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimsikia bila kuinama. "Filamu ni takataka tu. Nenda."

Hapo nilipewa mlango mwingine, na huo nao nikaukataa.

"Bosi, naomba tumalizie," nikasema. "Yeye ndiye aliyetaka niifanye hii kazi."

Wakaanza kupanga vitu wakitembea kwa ncha za vidole, kama watu wasiotaka kumwamsha mtoto. Mimi nikajifungia chooni kumpigia mama. Nilitaka kumwambia leo asipokee simu ya mtu asiyemjua, na akiulizwa chochote asijibu. Labda pia nilitaka kumsikia tu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mama yangu hupokea simu kabla haijaita mara ya tatu, kwa sababu kila simu kwake ni mteja. Ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tatu nilihesabu: ikaita mara kumi na mbili.

Nilijitazama kwenye kioo cha choo. Nikaanza kujiuliza habari kama hii hupokewaje mbinguni. Labda kuna mahali panapoandikwa. Labda mimi nimetaja saa, nimetaja ugonjwa, na mtu fulani huko amechukua kalamu.

Wakanigongea mlango.

Fundi wa sauti tulimwita Masikio. Hakuwa mtu wa maneno. Wakati wote huo yeye peke yake hakunipa pole, alikuwa anakunja nyaya. Alinibandikia kinasa sauti kidogo kifuani, chini ya shati, vidole vyake vya baridi, akavaa masikioni vile visikilizio vyake vikubwa na kutikisa kichwa.

"Moyo wako unapiga kwa kasi," akasema. "Nisubiri utulie kidogo?"

"Hautatulia," nikamwambia.

Nikakaa pembeni ya kitanda. Kamera ya kwanza, ile ya uongo, ikanisogelea. Ya pili ikatusogelea sote. Nikajaribu kulia kwa yule mama wa kwenye mchezo, nikashindwa kama ilivyoandikwa. Nikageuka, nikaitazama lenzi. Ndani ya kioo chake niliona kichwa changu, kidogo kama punje ya mahindi.

"Siwezi," nikasema. "Hii ni kazi tu, na mama huyu..."

Sikufika kwenye "simjui". Simu ilikuwa inaita kichwani mwangu, inaita, na hakuna anayepokea, na mashine ya kushonea imenyamaza, na kichwa cha mama kimelala juu ya kitambaa kama mtu aliyesinzia. Nililia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Kamasi zilinitoka. Nilimwita. Dakika mbili zilipita, hakuna aliyesema kata, nikaendelea, kwa sababu sikujua panapokatiwa.

Na nikuungamie: hata hapo, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa imekaa kando, imekunja nne, inatazama. Ilikuwa inasema, chozi la kushoto limetoka, usilipanguse, liache lishuke kwenye mwanga.

"Kata," Mwongozaji akasema, mwenyewe akiwa hana sauti. Kisha akavaa koti lake. "Haya. Tunakwenda wote."

"Wapi, Bosi?"

"Kwenu. Msibani."

"Hapana, Bosi. Kwetu ni mbali."

"Gari lipo."

"Barabara ni mbaya, haingii gari."

"Tutashuka tutembee."

"Nyumba ni ndogo."

"Tutakaa nje," Dada Poda akasema, akinizungushia mkono wake mabegani. "Mdogo wangu, acha kuona aibu. Mtu hafiwi peke yake."

Walinipakia kwenye gari, katikati, kama mtu anayeweza kuruka. Hakuna aliyethubutu kumvua mfiwa shati, kwa hiyo nilikwenda vilevile nilivyo. Masikio alipanda mwisho, mfuko wa mitambo yake tumboni, akakaa karibu na mlango. Mbadala alinishika goti njia nzima. Kila tulipofika kwenye kona nilielekeza kona isiyo sahihi, na kila mara dereva aliuliza watu na kurudi kwenye iliyo sahihi.

Nilikuwa nampigia mama simu kisirisiri, mkono mfukoni, nikibonyeza bila kuangalia. Sikupata jibu. Nilimwomba Mungu awe mzima. Niliomba kwa nguvu zote, mpaka meno yakaniuma. Halafu, tulipoingia mtaani kwetu na nikaona ukuta wa nyumba yetu kwa mbali, na watu saba ndani ya gari wakaanza kurekebisha nyuso zao, kwa muda wa pumzi moja niliomba kinyume chake. Niliomba asiwepo. Ili nisiumbuke. Pumzi moja tu, lakini ilikuwa yangu, hakuna aliyeniandikia.

Alikuwepo. Alikuwa barazani, kwenye mashine yake, futi ya kupimia shingoni, anashona.

Sijui niite nini nilichohisi. Nilitaka kumkimbilia, na nilitaka kukimbia.

Dada Poda alishuka wa kwanza, mtandio kichwani, akaenda moja kwa moja na kumshika mama mikono yote miwili.

"Pole sana, mama," akasema. "Poleni sana. Sisi ni wenzake wa kazini. Wewe ni nani wake marehemu?"

Mama alimtazama. Akawatazama watu waliokuwa wanashuka kwenye gari vichwa chini. Kisha, juu ya bega la Dada Poda, akanitazama mimi. Macho yalikuwa yamenivimba, shati limeloa. Sikutikisa kichwa, sikukonyeza, sikufanya lolote. Nilisimama tu kama kitu kilichoachwa njiani.

Mama akaivua futi shingoni.

"Mdogo wake," akasema. "Tunafuatana."

"Mnafanana na huyu kijana," Mwongozaji akasema.

"Watu husema hivyo."

"Na wengine wako wapi?"

"Wamekwenda hospitali kuufuata mwili. Nimebaki mimi, namshonea nguo yake ya mwisho." Chini ya sindano kulikuwa na sare ya shule, ya buluu, ya mtoto wa darasa la pili. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama akafungua mikono. "Njoo hapa, mwanangu."

Nikaenda. Alinikumbatia mbele yao wote, kichwa changu akakibana shingoni, na akaanza kunitikisa taratibu kama anavyotikiswa mfiwa. Mdomo wake ulikuwa kwenye sikio langu.

"Wamekuja kunizika?"

"Kunipa pole, mama."

"Nimekufa saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na nini?"

"Presha."

"Mimi sina presha."

"Najua."

"Sasa ninayo." Akanitikisa tena. "Simu yangu iko kwa jirani, inachaji. Ulinipigia?"

"Mara nyingi."

"Kabla hujaniua, au baada?"

Alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba ndoo.

"Baada," nikasema.

"Na hilo chozi umelipata?"

"Nimelipata."

"Zuri?"

"Zuri sana, mama."

Kisha akasema, polepole, kila neno peke yake: "Ungerudi kwa magoti kwa mjomba wako, magoti yangepona. Hili sijui linaponaje."

Na akaanza kulia. Kwanza nilidhani anaigiza, na nikashukuru, maana anaigiza vizuri kuliko sisi sote. Akapaza sauti, "Dada yangu, dada yangu, huyu mtoto umeniachia wa nini?" na Dada Poda akaangua kilio, na Mbadala akakaa chini kabisa kwenye vumbi. Lakini shingo yangu ilikuwa inalowa. Mama yangu alikuwa anajililia mwenyewe, barazani kwake, mbele ya wageni, akiwa hai, na mikono yake mgongoni mwangu haikuwa inanikumbatia tena. Ilikuwa inanishikilia ili asianguke.

Nikainua kichwa nitafute pa kuelekeza macho.

Wote walikuwa wanajifuta nyuso, isipokuwa mmoja. Masikio alikuwa amesimama penye mlango wa gari, mfuko wa mitambo tumboni, visikilizio masikioni, macho makavu, ananitazama kifuani. Nikafuata macho yake. Chini ya shati lililoloa, kinasa kilikuwa bado kimebandikwa pale pale alipokiweka, na kitaa chake cha kijani kilikuwa kinaonekana kwenye kitambaa.

Akavua visikilizio, akavining'iniza shingoni, akaja mpaka barazani. Alinyoosha mkono kuomba kifaa chake. Alimwinamia mama kichwa kwanza, kwa heshima, kama anavyosalimiwa mtu aliye hai. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini sana, ili tusikie sisi wawili tu:

"Nimwite Bosi asikilize, au utamwambia mwenyewe?"